Mwite, Baba

Mji mzima wa Gisenyi ulikuwa unafunga kamba mchana ule, na Saidati peke yake ndiye hakuwa na cha kufunga. Moyo haufungwi kamba, jamani. Angeweza, angeufunga tangu jana.

Tufani ilikuwa inakuja. Tangu adhuhuri wingu lilisimama juu ya ziwa upande wa kisiwa cha Ijwi, jeusi, limeshiba, likisogea taratibu kama mtu anayejua hakuna wa kumzuia. Upepo ulipiga, ukanyamaza, ukapiga tena kwa nguvu zaidi. Watu waliozaliwa kando ya ziwa Kivu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wavuvi walijaza mawe katika mitumbwi yao midogo na kuizamisha wenyewe karibu na ufuko, maana mtumbwi uliolala chini ya maji haupigwi na wimbi. Wanawake walikusanya mtama uliokuwa umeanikwa. Wachuuzi wa Cyanzarwe walijitwika mizigo yao na kushika njia ya nyumbani bila hata kuagana. Kule hoteli ya Wazungu, watumishi walikimbizana na miavuli iliyotaka kuruka.

"Jiwe!" aliita Muhamadi kutoka juu ya paa.

Saidati alimpa jiwe. Baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, alikuwa amefunga kanzu kiunoni, anapanga mawe juu ya mabati ili upepo usiyang'oe. Mzee huyu ndiye pia aliyeadhini msikitini, na sauti yake, wacha we! Jioni ikiwa tulivu ilishuka hadi ziwani, ikawakuta wavuvi mbali huko, nao Wakristo wale walikuwa wakiambiana, "Muhamadi amekwisha kuita, turudi."

"Jiwe, Saidati! Unatazama nini huko?"

"Natazama wingu, baba."

"Wingu halishiki kasia," alisema Muhamadi.

Saidati aliinamisha kichwa. Baba alijua. Mtaa mzima ulijua kwamba binti wa Muhamadi anampenda Gratien, mvuvi, mwana wa Nyirabahire muuza samaki. Ilianza kwa shati lililochanika begani. Gratien alilileta kushonwa, likashonwa, akarudi kulifuata, kisha akaanza kurudi bila shati. Mapenzi hayana haya! Muhamadi alipogundua alimtoa dukani kwa maneno ambayo majirani waliyasikia bila kutega sikio, na mwezi uleule akamkubali Kadiri wa Mahoko, mwenye duka la vitambaa, mtu wa swala tano. Ijumaa hii ndoa ingefungwa. Na upande wa pili nako kulikuwa moto, kwani Nyirabahire alikuwa ameapa mbele ya Padri kwamba mwanawe akisilimu, basi apite kwanza juu ya kaburi la mama yake.

Jana walikutana nyuma ya uzio, kwa muda mfupi wa kuteka maji.

"Kesho tunaenda kutoa nyavu upande wa Nyamyumba," Gratien alimwambia. "Nikirudi tu, naleta wazee kwa baba yako."

"Atawafukuza."

"Afukuze. Mi nitarudi tena. Mutu anafukuzwa mara ngapi mpaka mwenye kufukuza anachoka?"

"Na mama yako?"

"Mama atalia, kisha atanyamaza. We ndiyo ukinyamaza, nitakufa."

Alimtazama kwa macho yale yake yasiyo na haraka. "Usinitazame hivyo, Gratien."

"Nikutazame namna gani? Sijui namna ingine."

Hayo ndiyo maneno aliyolala nayo. Sasa wingu lilikuwa limefika nusu ya ziwa, na mitumbwi mikubwa yote ilikuwa imerudi isipokuwa mmoja. Kelele zilipoanza kusikika kutoka ufukoni, Saidati hakuuliza ni za nini. Aliliangusha jiwe alilokuwa ameshika, akajifunga ushungi vizuri, akakimbia. Nyuma yake Muhamadi aliita, hakuitikiwa.

*

Ufukoni kulikuwa na watu kama siku ya soko. Mawimbi yalikuwa yanapanda mpaka kwenye nyasi. Watu walitawanyika pembeni mwa maji, huyu anapiga debe, yule anapiga ngoma, huyu anapiga sufuria kwa mwiko, kila ukoo umesimama mahali pake na kupiga kwa nguvu zake zote ili waliopotea wasikie nyumbani ni wapi. Nyirabahire alikuwa katikati yao, kilemba kimemdondoka, anapiga sinia lake la kuuzia samaki.

"Iko wapi?" Saidati alimuuliza. "Mama, Gratien iko wapi?"

Siku nyingine Nyirabahire angemgeuzia mgongo. Leo alimshika mkono, akamwonyesha ziwani. Mwanzo Saidati hakuona kitu. Kisha wimbi moja lilinyanyuka, na juu yake akaona mtumbwi mrefu na vichwa vya watu, wakipiga kasia huku wamepinda migongo. Mvua ikawafunika, wakapotea tena.

"Wanaelekea kule!" Nyirabahire alilia. "Tulipiga, wakageuka huku. Wale wa kule wakapiga, wakageuka kule. Mana yanjye, Mungu wangu, mutoto wangu!"

Hitimana, mvuvi mzee ambaye ndiye aliyemfundisha Gratien kushika kasia, alikuwa anakimbia kutoka kwa mpiga ngoma mmoja hadi mwingine akiwanyang'anya vijiti.

"Nyamazeni! Munawaua! Nyamazeni!" Sauti ilikuwa imemkauka. "Mulango wa kuingilia ni mumoja tu! Miamba iko huku, miamba iko kule, na hii mvua hawaoni hata pua yao. Munaita kila pahali, donc, basi, waende wapi?"

"Tukinyamaza watajuaje njia?" alidakia mtu mmoja.

"Watajua kwa sauti moja. Siku ya ukungu tunarudi kwa sauti gani, wewe? Si ya Muhamadi? Tunajua anasimamia wapi, tunaiweka mbele ya uso, tunaingia. Lakini leo msikitini ni mbali, upepo unaikata. Angekuwa hapa, hapa kwenye mulango..."

Mzee hakumaliza. Alimwona Saidati, akakumbuka huyu ni binti wa nani. Watu wote wakamtazama. Nyirabahire naye akamgeukia, bado amemshika mkono.

"Saidati," alisema yule mama, "mi sina uso wa kwenda kwa baba yako. We unajua nilisema nini juu yenu. Lakini we ni mutoto wake."

Saidati alikwisha kugeuka.

*

Muhamadi alikuwa ameshuka paani, anafunika cherehani kwa gunia. Saidati aliingia akihema, maji ya mawimbi yanamchuruzika, akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa.

"Baba, twende ufukoni. Ukaadhini."

"Nini?"

"Mtumbwi umepotea. Hitimana anasema wataifuata sauti yako. Baba, twende, nakuomba, upesi!"

Muhamadi alisimama wima. "Mtumbwi wa nani?"

Saidati alitazama sakafu, na hilo lilitosha.

"Aa," alisema Muhamadi. Aliinama akaendelea kufunga gunia. "Saa ya alasiri bado. Adhana si kengele ya kuitia mitumbwi."

"Mlima ulipotema moto uliadhini! Haikuwa saa ya swala. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, ulisimama hapo nje, watu wakaja wakasimama nyuma yako, Waislamu na wasio Waislamu. Uliniambia mtu akifikwa na balaa anamwita Mungu saa yoyote."

"Unanifundisha dini yangu?"

"Nakuomba, baba."

Muhamadi aliacha kufunga. Alipogeuka, macho yake hayakuwa na hasira tena. Yalikuwa na woga, na Saidati hakuwahi kumwona baba yake na woga.

"Tangu mama yako afariki, nimebaki na nani katika nyumba hii?" alisema polepole. "Na wewe. Yule kijana akifika salama, atafanya nini? Atakuja hapa. Kama si leo, kesho. Atakuchukua, utakwenda kwa watu ambao hawatanizika wala kunisomea. Sasa unataka nisimame majini kumwita kwa mdomo wangu yule anayekuja kuibeba nyumba yangu?"

"Watu wanakufa, baba!"

"Naona wanakufa! Unadhani sina moyo?"

Upepo ulipiga mlango ukaufungua wote. Vitambaa vikaruka ndani mle, vyekundu, vya bluu, na Saidati hata hakuvitazama. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye alikuwa anazama pale pale nchi kavu. Akasema neno ambalo hakujua lilikuwa ndani yake.

"Mwite, baba. Akifika, nitaolewa na Kadiri."

Muhamadi alishika ukingo wa cherehani.

"Sitalia. Sitatoroka. Nitaolewa Ijumaa."

"Unasema kwa sababu umechanganyikiwa. Kesho utasahau."

"Sitasahau."

"Utamwambia yeye mwenyewe? Kwa mdomo wako? Kwamba umependa, hukulazimishwa, asikanyage tena mlangoni kwangu?"

Saidati alifumba macho. Alimwona Gratien nyuma ya uzio, maji yanajaa ndooni na kumwagika, hakuna anayejali. *We ndiyo ukinyamaza, nitakufa.* Basi heri afe moyo, mwili ubaki.

"Nitamwambia."

"Wallahi?"

"Wallahi, baba. Sasa twende."

*

Watu walimpisha Muhamadi kama wanavyompisha bwana harusi. Hitimana alikuwa amefaulu kuwanyamazisha, na ufuko mzima ulikuwa kimya isipokuwa upepo na maji. Alimshika Muhamadi mkono akampeleka kwenye mlango, ile njia nyembamba ya mchanga kati ya miamba miwili myeusi.

"Simama hapa, hapa kabisa. Usisogee. Wao watakuja kwa uso wako."

Muhamadi aliingia majini. Wimbi la kwanza lilimfika magotini, la pili kiunoni, kofia yake ikachukuliwa. Akaweka mikono masikioni, akavuta pumzi.

Jamani, sauti ile! Saidati alikuwa ameisikia kila siku ya maisha yake, ikimwamsha alfajiri, ikimrudisha nyumbani jioni. Hakuwahi kuisikia hivi. Ilitoka kifuani mwa mzee ikapita juu ya mawimbi, haikubembeleza, haikupamba. Hata Nyirabahire alipiga ishara ya msalaba na kuinamisha kichwa. Muhamadi alimaliza adhana, akasubiri, hakukuwa na kitu. Akaanza tena. Akamaliza, akaanza tena. Mvua ikawafikia, kubwa, baridi, na ziwa lote likapotea machoni.

"Wamekwenda," mwanamke mmoja alisema.

"Funga mdomo wako!" Nyirabahire alimfokea. "Baba Saidati, endelea! Endelea, tafadhali!"

Aliendelea. Sauti ilianza kukwaruza. Wimbi lilimwangusha, Hitimana akamshika, akasimama akitema maji, akaanza tena pale alipokatika. Saidati alisimama pembeni mwa maji. Alikuwa anamtazama baba yake na kulia, na hakujua tena anamlilia nani kati ya baba na Gratien.

Kisha Muhamadi aliacha adhana. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye mvua, akaita jina.

"Gratien! Huku! Gratien, mwanangu, huku! Njoo huku!"

Mara mtumbwi ukatoka mvuani, karibu kiasi cha kutisha, unakuja kwa ubavu. Hitimana alipiga kelele. Waliokuwa ndani walisikia, makasia yakachimba upande mmoja, pua ya mtumbwi ikageuka, mwamba ukaupangusa ubavuni na kuutoa mbao. Wimbi likaunyanyua, likautupa juu ya mchanga pamoja na watu wake wote. Wote walikuwa hai. Kelele zilizopigwa pale zilishinda ngoma zote za mchana ule.

*

Gratien aliinuka kwa mikono na magoti. Damu ilimtoka kwenye paji la uso. Mama yake alimrukia, akampapasa kichwa, mabega, vidole, kama anahesabu kama vyote vimerudi. Lakini macho ya Gratien yalikuwa yanatafuta, na yalipompata Saidati yalitulia. Hakumwendea kwanza. Alikwenda kwa Muhamadi, aliyekuwa ameketi mchangani akihema, akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu kwa mikono yote miwili.

"Baba," alisema. "Tulikuwa tumeacha kupiga kasia. Tulikuwa tunaagana. Nikasikia unaita, nikasikia unaniita mwanangu. Mi niko mutoto wako tangu leo. Unifukuze, usinifukuze, niko mutoto wako."

Muhamadi alimwekea mkono kichwani. Mkono ulibaki pale, hauondoki.

Saidati aliona kwamba akingoja kidogo tu hataweza. Akikutana na macho yale mara moja zaidi, kiapo kitamtoka mikononi, na Mungu ametimiza upande wake. Akasogea. Akasema haraka, akitazama damu iliyokuwa kwenye paji la uso wa kijana.

"Gratien, usilete wazee."

Aligeuka, bado ana tabasamu. "Nini?"

"Usilete wazee nyumbani. Naolewa Ijumaa. Na Kadiri wa Mahoko."

"Saidati, baba yako iko hapa, tunaweza kusema sasa. Usiogope."

"Siogopi. Nimependa mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha."

"Jana uliniambia..."

"Jana nilikuwa nacheza."

Ndilo neno alilochagua, lile lililo kali zaidi, kwa sababu lile laini lisingemwondoa. Gratien alisimama taratibu. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa na haraka, yanakimbia huku na huku usoni mwake yakitafuta mahali pa kushika. Saidati hakumpa mahali.

"Bon," alisema mwisho, kwa sauti ndogo. "Kama ni hivyo, kwa nini mulinitoa majini?"

Nyirabahire alikuwa amesikia kila kitu. Aliuchukua mkono wa Saidati akaubusu, machozi ya furaha yanamtoka. "Mungu akubariki, binti yangu. Umefanya vizuri. Umenirudishia mutoto mara mbili." Kisha akampitishia mwanawe mkono kiunoni, akamvuta. "Twende nyumbani. Twende, mvua inazidi."

Wakaanza kupanda ufuko. Gratien alitembea kama mgonjwa, na mama yake ndiye aliyemwongoza.

Hapo Saidati alihisi kanzu iliyolowa inamgusa. Muhamadi alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, na anaunyoosha mkono kuelekea kwa yule kijana. Alifungua mdomo amwite. Haikutoka sauti, ilitoka pumzi tu, mkwaruzo usiofika popote. Alijaribu tena, mishipa ikamtoka shingoni, ikawa vilevile. Sauti yote aliiacha ziwani.

Alimshika binti yake mabega, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Mwite," alinong'ona. "Mimi siwezi. Mwite wewe. Nimekusamehe kiapo chako, mbele ya Mungu nimekusamehe. Mwite, mwanangu, anakwenda."

Saidati alimtazama baba yake, akaona ni kweli. Akapiga kelele mbele ya mji wote.

"Gratien! Gratien, rudi! Si kweli! Nilisema uongo, rudi!"

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, unakwenda upande uleule aliokwenda yeye, basi ulimpelekea kila neno. Gratien alisimama. Mama yake alisema kitu. Saidati alimwona anageuza kichwa nusu, damu na mvua vinamchuruzika shavuni, akangoja amalize kugeuka.

Kisha Gratien akauweka mkono wa mama yake vizuri kiunoni kwake na, kama mtu asiyetaka kuchezewa mara ya pili, akaendelea kupanda.